Msalaba Juu ya Tinaja

Kwenye milima ya Giganta mgeni hapewi maji. Hupewa kahawa, na kikombe hujazwa mpaka ukingoni. Ukimpa nusu kikombe umeshamwambia, bila kufungua mdomo, kwamba njia aliyojia bado ipo. Librada Murillo alilijua hilo kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Ndiyo maana Juni ile, kila alipommiminia mtu nusu kikombe, macho yake yalikuwa yakitazama kwingine.

Mpira ulioleta maji nyumbani kutoka chemchemi ya juu ulianza kukohoa baada ya Pasaka. Ukakohoa, ukatema, ukanyamaza. Chemchemi yenyewe ilibaki tope la kuwatosha nyuki. Maji ya kunywa Facundo, mumewe, aliyafuata kwa punda kwa jirani wa bonde la pili, na jirani huyo naye alikuwa ameanza kuwapokea bila kuinuka kitini. Mbuzi walinyweshwa kwa zamu, kidogo kidogo, na waliosubiri zamu walilia mpaka mtu akatamani kuziba masikio.

Basi Facundo akakata shauri. Kompadre Onesimo, yule aliyemshika binti yao Yadira siku ya ubatizo, atakuja na lori. Atawapakia mbuzi wote, awapeleke pwani kwa mchinjaji. Librada na Facundo watapanda juu ya magodoro yao, waende kukaa kwa Yadira mjini, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Librada aliwahi kulala katika chumba hicho. Aliamka asubuhi asijue kama kumekucha.

Na siku yenyewe iliyochaguliwa ilikuwa ya Mtakatifu Yohana! Kweli bahati mbaya haina haya. Siku hiyo kwetu huoga hata wale ambao mwaka mzima maji huyaona kwenye kahawa tu. Wanawake hukata ncha za nywele na kuziosha ili zikue. Nywele za Librada zilikuwa hazijaonja maji kwa muda ambao hakupenda kuutaja, na alizifunga kitambaa hata wakati wa kulala.

Siku mbili kabla ya lori, jua likiwa linazama, Facundo alirudi kutoka uwanda wa juu, alikokuwa akimfuata ayala dume, yule kulungu wa milimani. Midomo ilikuwa imempasuka, bunduki ikining'inia mgongoni kama mzigo wa mtu mwingine.

"Umeona nini?" Librada akamuuliza.

"Mawe."

"Na lile dume lako?"

"Lipo. Lina pembe za kutundikia kofia za harusi nzima. Limenipandisha, limenishusha, limekula mapungate na miiba yake, limelala, limeamka, limekula tena. Maji halijagusa."

"Sasa ulikuwa unalifuata la nini?"

"Baba yangu alisema, Libra. Ukikosa maji, mfuate ayala."

"Baba yako alisema ayala. Hakusema pembe. Wewe ukiona pembe, akili inakimbia mbele yako."

Facundo akacheka, kisha akashika mdomo kwa maumivu. Walikuwa wameoana muda mrefu, na kucheka ndicho kitu pekee ambacho hawakuwa wamekigawa kwa zamu. Akaketi na kuinywa nusu kikombe yake. Hakusema tena habari ya kutafuta maji. Alianza kuuliza kama Yadira ana kamba za kutosha au wabebe za kwao, na hapo Librada akajua kwamba mumewe ameshahama moyoni.

Asubuhi iliyofuata, ikiwa mkesha wa Mtakatifu Yohana, aliwatoa mbuzi zizini akawashusha korongoni. Ilikuwa mara ya mwisho na kila mmoja alimtazama kama anayemwomba msamaha. Kabla ya kutoka alikuwa amemkamua Njiwa, yule mweupe anayeongoza kundi. Zamani Njiwa peke yake aliijaza ndoo mpaka povu likamwagika. Asubuhi ile alitoa maziwa ya kumlaghai paka. Njiwa alikuwa hakosi chakula, kwa maana maganda ya migunga yalikuwa yametapakaa chini kila mahali. Alikosa maji, na mnyama asiyekunywa hana cha kukamuliwa. Hilo kwa mtengeneza jibini wala si elimu. Ni kitu anachokiona kwenye ndoo.

Basi yuko pale, ameegemea jiwe, ana hasira na Mungu, na mumewe, na chumba cha Yadira, ndipo akamwona ayala jike.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo, masikio marefu kama ya punda, mbavu zinahesabika. Hakumkimbia Librada. Alikuwa amezoea harufu ya mbuzi, na Librada siku hizo alinuka mbuzi kuliko mbuzi wenyewe. Kichaka kikatikisika, kitoto chenye madoa mgongoni kikachomoka, kikaenda moja kwa moja chini ya mama yake na kukipiga kiwele kwa pua. Mkia ukacheza. Kilikunywa muda mrefu, kikahamia chuchu ya pili, kikanywa tena. Kilipoinua kichwa, povu jeupe lilikuwa limekizunguka mdomo na tone linaanguka.

Librada akasimama wima.

"Wewe mama," akasema kwa sauti, "hayo maziwa unayatoa wapi?"

Njiwa akageuka kumtazama, akidhani ameitwa.

Lile dume la Facundo lilikuwa linaweza kukaa siku kadhaa kwa utomvu wa mapungate, na likishikwa na kiu lina miguu ya kwenda milima mitatu mbele kunywa na kurudi. Halina mtu wa kumrudia. Lakini mama anayenyonyesha lazima anywe kila siku, na hawezi kwenda mbali, kwa sababu kitoto kama kile hakisafiri. Hukificha kichakani, akaenda mbio, akanywa, akarudi kabla mbwa-mwitu hawajakinusa. Kama kitoto kiko hapa, maji yako hapa. Si uwanda wa juu. Hapa, chini ya pua za watu waliokwisha kufunga magodoro.

Librada hakungoja zaidi. Akaliacha kundi, jambo ambalo mchungaji wa milimani halifanyi hata nyumba ikiungua, akavuka korongo polepole. Ayala jike akasogea kando na kitoto chake. Librada hakumfuata. Alitafuta nyayo za alikotoka.

Mchangani zilikuwa wazi, ndogo, zenye ncha, za mnyama mwenye haraka. Zilipanda kijito kikavu cha upande wa kushoto, zikafika kwenye mwamba, zikapotea. Librada akapiga magoti. Juu ya jiwe la kijivu kulikuwa na alama nyeusi, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa, yenye chembe chache za mchanga. Akaigusa. Ilikuwa mbichi, ya ukwato uliotoka majini. Akiwa anaitazama ikaanza kufifia kwa jua, kutoka kingoni kwenda katikati, mpaka ikabaki jiwe tupu.

Aliinuka akakimbia. Alama iliyofuata ilikuwa nyeusi zaidi, na ya tatu zaidi ya hiyo. Alipanda akihema, akishika mizizi, sketi ikinasa kwenye miiba, mpaka alipotokea chini ya jabali. Hapo akasimama na mkono wake, wenyewe bila kuambiwa, ukafanya ishara ya msalaba.

Alikuwa amefika kwa Marehemu.

Zamani pale palikuwa na tinaja, shimo refu ndani ya mwamba linaloshika maji ya mvua, na familia ya Facundo ilikunywa humo tangu enzi za babu. Kikaja kimbunga. Katika usiku mmoja mafuriko yaliijaza tinaja mchanga na kokoto mpaka juu, ikawa sawasawa na ardhi. Baba yake Facundo, mzee Eleuterio, alilia kama aliyefiwa. Akachonga msalaba wa mti ule mgumu unaozama majini kama chuma, akauchomeka katikati ya mchanga, familia ikasimama, kofia mikononi, wakasali. Tangu hapo pakaitwa kwa Marehemu. Mwanamume akipita huvua kofia na mwanamke hujipiga msalaba. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayefukua kaburi, hakuna aliyewahi kuchomeka beleshi pale, hata kwa utani. Usiwacheke sana. Heshima ikishaota mizizi, hata njaa inapita kando yake kwa adabu.

Librada akashusha mkono. Nyuma ya msalaba, mahali ambapo jabali hutupa kivuli mchana kutwa, mchanga ulikuwa umefukuliwa. Alama za kwato za mbele zilionekana, zimeparua na kuparua. Shimo lilikuwa refu kama mkono wa mtu na ndani, chini kabisa, kulikuwa na kitu kinachong'aa, kipana kama sahani.

Alilala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani. Baridi! Alichota kiganja, akanywa, mchanga ukamkwaruza meno, akachota tena. Kisha akageuka chali chini ya msalaba wa baba mkwe wake, akacheka peke yake kama mwehu, na machozi yakamwingia masikioni.

Alipofika nyumbani Facundo alikuwa amepiga goti juu ya godoro, kamba mdomoni.

"Mbuzi wako wapi?"

"Korongoni."

"Umewaacha?" Kamba ikamdondoka. "Libra, unaumwa?"

"Shika mkono wa blauzi yangu."

"Nini?"

"Shika, mzee! Kwani nakuomba figo?"

Akaushika, akaukamua. Tone likamwangukia kwenye kiatu. Aliuleta mkono wa blauzi puani, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Wapi?"

"Kwa Marehemu."

Facundo akauachia. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Pale ni kaburini."

"Kaburi la nani? Umemzika shangazi yako pale bila kuniambia?"

"Baba yangu aliliombea lile shimo."

"Aliliombea, hakulipima! Ayala wako analifukua kwa kwato, ananywa, anakwenda kunyonyesha. Sisi tunapita tunavua kofia. Nani mwenye akili hapo?"

Facundo akainuka kutoka godoroni. Alitazama godoro, akatazama kamba. Kisha akaenda kibandani, akatoka na mabeleshi mawili na mtaimbo. Alipita mbele ya mkewe bila kumtazama, jambo ambalo kwa Facundo lilikuwa namna ya kukubali.

Njiani aliwakusanya mbuzi kwa mluzi mmoja, wakawafuata. Lakini walipofika chini ya jabali alivua kofia kwa mazoea, akabaki amesimama, kofia mkono huu na beleshi mkono ule, asijue aanze na lipi.

"Siwezi kuung'oa, Libra. Aliuchonga mwenyewe. Nilimshikia ule mti."

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Librada, aliyekuja na maneno makali tayari ulimini, akayameza. Alimhurumia kweli. Akaukumbatia msalaba kwa mikono yote miwili, akasema, "Baba, samahani," akautikisa huku na huku, akavuta.

Ulitoka polepole, mchanga ukiunyonya. Sehemu iliyokuwa juu ilikuwa kavu na nyeupe kwa jua. Sehemu iliyokuwa chini ilikuwa nyeusi tii, imelowa, na kutoka kwenye ncha yake matone ya maji yakadondoka, moja, jingine, jingine, yakatoboa vitundu vidogo mchangani.

Wakatazamana. Facundo akakiweka kiganja chake chini ya ncha ile akayaacha maji yamdondokee.

"Ulikuwa umesimama ndani ya maji," akasema. "Tangu siku ile ya kwanza. Mzee wangu alikuwa anauchomeka majini na analia kwamba hakuna maji." Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, na katikati kile kicheko kikageuka kilio. Librada akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake mpaka kikapita.

Walichimba. Mchanga uliokuwa umeiua tinaja ndio ulioyafunika maji yasikaushwe na jua, mvua baada ya mvua, kama kitambaa kibichi juu ya jibini. Waliutupa chini ya mteremko beleshi kwa beleshi. Ulitoka mkavu, ukatoka wenye unyevu, ukatoka unaochuruzika, na kila walipoutoa, maji yalipanda kuchukua nafasi yake. Yalimfika Facundo vifundoni, yakamfika magotini. Alichomeka mtaimbo chini yake, ukazama wote, asipate mwamba.

"Mpaka mvua za Agosti?" Librada akauliza kutoka juu.

"Agosti?" Facundo alirusha beleshi nje, akaketi palepale ndani ya maji na suruali yake, akafumba macho. "Agosti ije ituombe sisi maji."

Walijaza ndoo, mbuzi wakasukumana, wakakanyagana, wakanywa. Librada alisikiliza makoo yao. Kwa majuma mengi alikuwa akisikia kilio, na sasa alisikia kumeza tu, kumeza kundi zima. Aliketi juu ya jiwe, na furaha ilimjaa mpaka akaogopa kuinuka.

Ndipo akaona masikio. Juu ya mteremko, nyuma ya mpungate, ayala jike alisimama akiwatazama watu wawili na kundi zima la mbuzi ndani ya kisima chake. Nyuma yake kulikuwa na kichwa kidogo.

"Bunduki iko nyumbani," Facundo akanong'ona.

"Na ibaki hukohuko."

"Nimesema kitu? Nimesema iko nyumbani."

"Nimekusikia ulivyosema."

Lakini Librada hakuwa akiwaza bunduki. Alikuwa akitazama kuta za tinaja. Zilikuwa laini, zimeteremka wima, zinateleza. Kila mtu wa milimani ameshaopoa mfu katika tinaja, mbweha au ndama, aliyeingia kunywa akashindwa kupanda. Mchanga ulikuwa umewazuia ayala wasizame. Wao sasa walikuwa wameutoa.

"Mzee," akasema, "kile kitoto kitatumbukia."

Facundo akatazama maji, akatazama kuta, akakuna shingo. Akatazama huku na huku kutafuta mti mrefu, mgumu, usiooza. Ulikuwa mmoja tu. Aliuchukua msalaba wa baba yake, akaulaza kwa mshazari, ncha nyeusi chini ya maji, kichwa ukingoni, mikono yake miwili ikishika mwamba huku na huku usiyumbe. Akarundika mawe chini yake, akaukanyaga, akaupanda kama ngazi mpaka nje.

"Umekaa," akasema.

Asubuhi ya Mtakatifu Yohana lori la Onesimo lilisikika likiguna kutoka mbali. Kompadre alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya faraja njia nzima. Alizima injini, akashuka amevua kofia kabisa, uso wa matanga, na hapo akamkuta komadre wake nje ya jiko, ameinama, anamwagiwa ndoo ya maji kichwani na Facundo. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye nywele, yanaanguka chini, yanapotea mavumbini, na hakuna aliyekuwa akikimbilia kuyakinga.

"Nimekosea nyumba?" Onesimo akauliza.

"Funga mdomo, kompadre, nzi wataingia," Librada akasema chini ya nywele. "Facundo, mwagia tena. Bado hii sabuni."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wanakunywa. Lori lako litarudi tupu, pole. Mpelekee Yadira jibini, mwambie dirisha lake tumelisamehe."

Wakamsimulia, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Onesimo alisikiliza, akauliza habari ya ayala, akapata wazo. "Sasa huyo jike, kompadre, si anakuja mwenyewe mpaka mlangoni? Nyama ya sikukuu hiyo."

"Mguse," Librada akasema akikamua nywele zake, "na kahawa ya nyumba hii utaisikia harufu kutoka barabarani."

"Natania, komadre!"

"Mimi sitanii."

Akaingia jikoni. Alitoka na birika na kikombe, akampa Onesimo kikombe mkononi, akaanza kumimina. Kompadre, aliyekuwa mtu wa adabu na aliyenywa nusu kikombe katika nyumba ile tangu Pasaka, aliinua kidole mapema kusema imetosha. Librada akaendelea kumimina. Ikafika nusu, ikapita nusu, ikafika ukingoni, akaendelea, ikafurika, ikamchuruzikia Onesimo vidoleni na kudondoka juu ya viatu vyake. Safari hii Librada hakutazama kwingine. Alimtazama usoni, nywele zikidondosha maji mabegani.

"Kunywa, kompadre," akasema. "Ipo nyingine."

Jioni, mgeni alipokwisha kuondoka, Facundo alipanda kwa Marehemu kuchota maji ya mwisho ya siku. Alirudi ndoo zimejaa, kofia mkononi.

"Bado unaivua?" Librada akamtania. "Hakuna kaburi tena pale."

"Kuna nyayo juu ya msalaba wa mzee," Facundo akasema. "Mbili mbili, ndogo ndogo. Zimeteremka mpaka majini." Akaziweka ndoo chini taratibu, zisimwagike. "Na zimepanda."